Abu Zayd al-Balkhi: mtoto wa maalim aliyeandika tiba ya nafsi





Ndugu msomaji, katika kurasa hizi za maisha ya wanazuoni wetu tumezoea habari za maimamu wa fiqhi na hadithi. Safari hii naomba univumilie. Nimemchagua mtu ambaye wengi wetu, kama tunamjua, tunamjua kwa ramani zake, na mimi nataka kumzungumzia kwa sababu ya kitabu chake kimoja ambacho si cha ramani.

Sababu yangu ni ya nyumbani. Miaka 3 iliyopita mdogo wangu, akiwa na umri wa miaka 13, alikaa karibu siku 10 bila kulala usingizi wa maana. Alizungumza mbio mbio, akagawa viatu vyake na vya baba kwa watoto wa mtaa, akawaambia watu wa Buyenzi kwamba atajenga msikiti wa ghorofa 5 kabla ya Idi. Kwanza tulicheka. Kisha akaanguka: zaidi ya mwezi kitandani, hali, haogi, haswali. Hapo kicheko kikaisha na maneno yakaanza. Mvivu. Imani haba. Ana jini. Mama akaambiwa kwamba kamdekeza, naye akayaamini hayo. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, na hilo ndilo linaloniuma, maana na mimi nilikuwa mmoja wa wasemaji. Alfajiri moja nilimmwagia maji usoni ili aamke kuswali, nikaona nimefanya jema.

Tulipofika kwa daktari wa magonjwa ya akili tuliambiwa ni bipola, ugonjwa wa hisia zinazopanda kupita kiasi kisha zikashuka kupita kiasi. Lakini kilichotushangaza ni kwamba daktari hakutaka kuzungumza na mgonjwa peke yake. Alituita sote: baba, mama, mimi, na bibi yetu. Akaanza kutufundisha kana kwamba tupo darasani. Mwaka uliofuata nilikuwa hapa chuoni, katika somo la historia ya elimu katika Uislamu, nikakutana na Abu Zayd. Ilinibidi nirudie ukurasa mara mbili kuhakikisha kwamba mtu huyu aliishi zaidi ya miaka 1,000 iliyopita.

Jina lake ni Abu Zayd Ahmad ibn Sahl al-Balkhi. Alizaliwa yapata mwaka 235 Hijria, sawa na 849 au 850 Miladia, katika kijiji cha Shamistiyan, nje kidogo ya mji wa Balkh. Leo Balkh ni mji mdogo kaskazini mwa Afghanistan, karibu na Mazar-i-Sharif. Enzi zile ulikuwa miongoni mwa miji mikubwa ya Khurasani, njia ya misafara ya kwenda India na China, mji wa wafanyabiashara, mafaqihi na watu wa kila dini.

Baba yake hakuwa tajiri wala mtu wa ukoo wa kutajwa. Alikuwa mhamiaji kutoka Sijistan, na kazi yake ilikuwa kufundisha watoto. Kwa lugha yetu tungesema alikuwa maalim wa madrasa. Abu Zayd alianza kusoma kwa baba yake, na alipokua akashika kazi hiyo hiyo ya kufundisha watoto kwa muda. Waandishi wa sira yake wanalipitia jambo hili kwa sentensi moja, na wengine walilitumia kumdharau. Mimi nadhani ni jambo kubwa. Mtu aliyelelewa katika chumba cha madrasa anaona mapema kwamba watoto hawafanani: yule anayelia akiguswa tu, yule anayegomba na kila mtu, yule aliyekuwa mchangamfu juzi na leo anakaa kona hataki kusoma. Mlevi wa fimbo huwaona wote ni watukutu. Maalim mwenye jicho huona kitu kingine.

Yaqut al-Hamawi, aliyekusanya habari zake karne 3 baadaye, anatuchorea hata sura yake. Alikuwa mtu wa kimo cha kati, mwembamba, wa rangi ya maji ya kunde, macho yamejitokeza, na usoni ana makovu ya ndui. Alikuwa mkimya, mwenye haya na haiba. Ndui wakati ule ilikuwa mzigo wa kila nyumba. Ni zama zilezile Abu Bakr al-Razi alipoandika kitabu chake mashuhuri cha ndui na surua. Kwa hiyo Abu Zayd aliujua ugonjwa kwa ngozi yake kabla hajaujua kwa kalamu.

Alipokuwa kijana aliondoka kwao kwenda Iraq. Alikwenda kwa miguu pamoja na msafara wa mahujaji, na akakaa huko miaka 8. Inasemekana kilichomtoa mwanzoni ni kiu ya dini: alikuwa akifuata madhehebu ya Kiimamu na alikuwa akimtafuta imamu. Baadaye aliiacha njia hiyo. Badala yake akaangukia mikononi mwa mwalimu mwingine kabisa, Yaqub ibn Ishaq al-Kindi, yule anayeitwa mwanafalsafa wa Waarabu. Kwake alisoma falsafa, elimu ya nyota, tiba na tabia za vitu. Tukumbuke pia kwamba al-Kindi mwenyewe aliandika risala juu ya namna ya kuondoa huzuni. Mwanafunzi hakuitoa mbali ile hamu yake.

Kinachonipendeza ni kwamba hakubaki Baghdad. Vijana wengi wa aina yake, wakishaonja mji mkuu, hawarudi. Yeye alirudi Balkh kupitia Herat, akiwa na elimu kichwani, akaanza kuandika na kusomesha. Miongoni mwa waliokuja kusoma kwake ni Abu al-Hasan al-Amiri, ambaye naye alikuja kuwa mwanafalsafa mkubwa. Aliandika vitabu vinavyokaribia 60. Alikuwa na kitabu juu ya mpangilio wa Qur'ani kilichosifiwa sana na wanazuoni, na kitabu cha ramani na maeneo ya nchi za Kiislamu ambacho kiliwafungulia njia al-Istakhri, Ibn Hawqal na al-Muqaddasi, hata wanahistoria wa leo wakawaita wote hao shule ya Balkhi. Watu wa fasihi walimpachika jina la Jahiz wa Khurasani, kwa ufasaha wake. Sehemu kubwa ya vitabu hivyo imepotea.

Kuandika kulimgharimu. Alikuwa na mfadhili, al-Husayn ibn Ali, mkuu mmoja wa Khurasani aliyeelemea upande wa Maqaramita, ambaye alikuwa akimtumia posho ya kudumu. Abu Zayd akaandika kitabu kuchunguza zile taawili walizozipenda watu wa kundi hilo, posho ikakatwa. Alikuwa pia akipata zawadi kutoka kwa waziri al-Jayhani. Akaandika kitabu juu ya kurbani na wanyama wa kuchinjwa ambacho hakikumfurahisha waziri yule. Zawadi zikakatwa pia. Hatuna habari kwamba alikwenda kuomba radhi kwa yeyote kati yao.

Kisha Balkh ikaingia chini ya mtawala aliyeitwa Ahmad ibn Sahl. Msomaji asichanganye, ni majina tu yamefanana. Huyu alimtaka Abu Zayd awe waziri wake. Abu Zayd alikataa. Uwaziri ukaenda kwa rafiki yake, Abu al-Qasim al-Balkhi, mwanazuoni wa Kimuutazila, naye Abu Zayd akakubali ukatibu tu. Yaqut anasimulia jambo tamu kuhusu mishahara yao. Waziri alipangiwa dirham 1,000 kwa mwezi, na katibu 500. Abu al-Qasim akamwagiza mweka hazina apunguze 100 katika fungu lake yeye na amwongezee Abu Zayd, kisha fedha nzuri zote zipelekwe kwa Abu Zayd, na zile zilizochakaa zibaki kwake. Utawala ule haukudumu miaka mingi. Lakini kwa mali aliyoipata wakati huo Abu Zayd alinunua ardhi kijijini kwao Shamistiyan, palepale alipozaliwa.

Sasa nifike kwenye kisa ninachokipenda kuliko vyote. Amiri wa Khurasani, aliyekuwa akikaa Bukhara, alisikia sifa za Abu Zayd akamwita aje amsaidie kwa rai na ushauri. Mwaliko kama huo watu walikuwa wakiusubiri maisha yao yote. Abu Zayd akafunga safari hadi ukingo wa mto Jayhun, ambao leo unaitwa Amu Darya. Akautazama. Akaona upana wake, mawimbi yake na jinsi maji yanavyokwenda kwa kasi. Akaketi, akamwandikia amiri barua. Kwa maana yake, alimweleza kwamba ikiwa ameitwa kwa ajili ya akili yake timamu, basi akili hiyohiyo ndiyo inayomkataza kuvuka, na kama angevuka angekuwa amethibitisha kwamba hana akili ya kumfaa amiri. Amiri aliisoma, akastaajabu, akamruhusu arudi zake Balkh. Ametuhifadhia habari hii al-Muqaddasi.

Wengine wanakisoma kisa hiki kama utani wa mtu mwerevu. Mimi nakisoma kwa namna nyingine. Yule mtu alikuwa anaogopa. Mtu aliyetembea kwa miguu kutoka Balkh hadi Iraq, aliyekataa uwaziri na kuwaudhi wafadhili wawili, alisimama mbele ya maji na moyo wake ukakataa. Na mtu huyohuyo ndiye aliyeandika mlango mzima juu ya hofu, akiieleza bila kumdhihaki mwenye hofu hata mara moja.

Mlango huo umo katika kitabu chake Masalih al-Abdan wal-Anfus, yaani mambo yanayoifaa miili na nafsi. Kina sehemu mbili. Ya kwanza ina milango 14 juu ya mwili: makazi, hewa, maji, chakula, usingizi, mazoezi na kadhalika. Ya pili ina milango 8 juu ya nafsi, na hiyo ndiyo hazina yenyewe.

Ndugu msomaji, ukikifungua kitabu hicho kwa Kiarabu utakuta kwamba sisi tunaozungumza Kiswahili tayari tuna nusu ya msamiati wake mdomoni. Mlango wa hasira anauita kwa neno tulilolirithi sisi kama ghadhabu. Mlango wa woga ni wa khawf, na sisi tunasema hofu. Wa huzn ni huzuni. Wa mwisho ni wa waswas, na wasiwasi wetu umetoka humo, ingawa yeye alikuwa akikusudia yale mawazo yanayomng'ang'ania mtu akashindwa kuyafukuza. Nafsi ni nafsi na akili ni akili. Tuna maneno yote, na bado nyumbani kwetu neno tulilolipata kwa mdogo wangu lilikuwa mvivu.

Abu Zayd anaanza kwa kulalamika, kwa upole wake, kwamba waganga wa zama zake wanaandika juu ya mwili na kuiacha nafsi, ilhali mtu ni vyote viwili vimesukwa pamoja. Mwili ukiugua, nafsi hukosa raha na fahamu hupungua. Nafsi ikiumia, mwili hukosa ladha ya mambo na unaweza kuugua nao. Tena anasema maradhi ya nafsi huwapata watu zaidi ya yale ya mwili. Mtu anaweza kuishi miaka mingi asiugue ugonjwa fulani wa mwili, lakini hakuna asiyepitiwa na hofu, ghadhabu au huzuni. Watu hutofautiana tu kwa kiasi. Sentensi hiyo peke yake inaondoa aibu. Mgonjwa hayuko ng'ambo ya mto na sisi tuko huku.

Kuhusu huzuni alifanya jambo ambalo madaktari wa zama zetu wanalistaajabia. Aliigawa. Kuna huzuni yenye sababu inayojulikana, kama kufiwa au kupoteza mali. Na kuna huzuni inayomjia mtu ghafla bila sababu anayoijua, ikamziba roho, akakosa furaha na hamu ya yale aliyokuwa akiyapenda. Hii ya pili aliiita ghumma, ndugu wa neno letu ghamu. Akasema asili yake imo mwilini, akaieleza kwa tiba ya zama zake kuwa ni damu iliyochafuka na kupoa. Maelezo hayo ya damu hatuyafuati tena. Lakini hukumu iliyotoka humo ni ya leo kabisa: kwamba mtu huyu hajakosa shukrani wala subira, ni mgonjwa, na atibiwe mwili wake kwa dawa na nafsi yake kwa maneno laini yanayorudisha uchangamfu. Alitaja hata kusikiliza nyimbo. Ndugu zangu wa fiqhi najua mtanishika hapo. Hilo tuliache kwa darasa la Ustadhi siku ya Jumamosi.

Yeye aliyekuwa mtu wa dini na mwandishi juu ya Qur'ani hakukanusha shetani. Katika mlango wa waswas alitaja zote mbili, ya shetani na ya mwili. Ila hakumwacha mgonjwa na jina la shetani tu kichwani. Alisema asiachwe peke yake, akae na watu, ashughulishwe, na awe karibu naye mtu anayemwamini wa kumweleza kwamba lile linalomtisha halina msingi. Kwa nini mtu mwingine? Kwa sababu fikra za mgonjwa wakati huo zimezidiwa na maumivu yake. Neno la kumtoa huko ni lazima litoke nje, kwa mtu wa karibu.

Kisha kuna wazo lake la akiba. Kama vile mwenye busara anavyoweka dawa nyumbani akiwa mzima, kwa ajili ya ugonjwa utakaomjia ghafla, ndivyo anavyotakiwa kuweka akiba ya mawazo mazuri nafsini akiwa ametulia, ayatoe siku ya dhiki. Siku ya dhiki yenyewe mtu hawezi kuyatunga. Akasisitiza pia kwamba kila mtu aijue tabia yake, nguvu zake na udhaifu wake, asijibebeshe mzigo ambao nafsi yake haiwezi. Nadhani pale ukingoni mwa Jayhun alikuwa akifanya hilohilo.

Nilipofika hapo nikakumbuka lile benchi la hospitali. Daktari wetu alitufundisha mambo ambayo kwa sasa yana jina la kitaalamu, elimu ya ugonjwa kwa familia, na yana utafiti wake. Kule Marekani, Mary Fristad wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio na wenzake waliwafuatilia watoto 165 wa miaka 8 hadi 12 wenye maradhi ya hisia, bipola na sonona, wakachapisha matokeo mwaka 2009. Wazazi na watoto walihudhuria vikao 8 vya dakika 90, wazazi chumba chao na watoto chao, huku wakiendelea na matibabu yao ya kawaida. Walifundishwa dalili, dawa, kutatua matatizo, na kuzungumza bila kuumizana. Watoto wa familia zilizosomeshwa mapema walipata nafuu zaidi ya wale waliokuwa bado wakisubiri zamu. Msingi wa mafunzo hayo ni kwamba ugonjwa si kosa la mtoto wala la mama, lakini kuushughulikia ni kazi ya nyumba nzima. David Miklowitz naye amefanya kazi ya namna hiyo kwa vijana na watu wazima wenye bipola. Wataalamu hawa wameona kwamba nyumba yenye lawama na kejeli nyingi humrudisha mgonjwa kitandani upesi.

Sisi tulifundishwa hayo kwa Kiswahili na Kirundi, bibi akisinzia na kuzinduka. Tuliambiwa usingizi ndio saa ya ukutani: ukipungua siku 2 au 3 mfululizo na mtoto hana uchovu, kuna jambo linakuja. Dawa haiachwi kwa sababu mtoto anacheka. Maneno ya kumtia moyo tuyaandae sasa hivi, akiwa mzima, na yeye mwenyewe atuambie akiwa kitandani anapenda kusikia nini. Baba aliuliza kama tuendelee na kisomo. Daktari, ambaye si Mwislamu, alijibu kwamba tuendelee, mradi kisiwe badala ya dawa na asifanyiwe kwa kumtisha. Baba alishusha pumzi ambayo nadhani alikuwa ameibana kwa mwezi mzima.

Nisimpambe Abu Zayd kwa yasiyo yake. Bipola hakuipa mlango. Milango yake ni ya ghadhabu, hofu, huzuni na waswas, na ile hali ya kupanda na kushuka haina mlango wake humo. Wala hakuwa na dawa za kutuliza hisia tulizonazo leo. Alichokuwa nacho ni kuamini kwamba hali hizi zinaweza kuelezwa kwa mtu wa kawaida, kwa Kiarabu chepesi, naye akafundishika. Mtoto wa maalim alibaki maalim.

Miaka yake ya mwisho haikuwa na heshima tupu. Falsafa ilimletea maadui, na wapo waliomtuhumu kwamba ametoka katika dini. Aliyesimama kumtetea ni Abu al-Qasim, yule rafiki wa dirham 100, aliyeshuhudia kwamba Abu Zayd anadhulumiwa na kwamba ni mtu wa tauhidi, naye anamjua kuliko wengine kwa sababu walikua pamoja. Alifariki mwaka 322 Hijria, sawa na 934, akiwa na miaka 87 hivi kwa hesabu ya Hijria. Allah amrehemu.

Kitabu kikalala. Nakala zake za mkono zilihifadhiwa Istanbul, katika mkusanyo wa Ayasofya, na mwaka 1984 Fuat Sezgin akaitoa nakala moja kwa picha kule Frankfurt ili watafiti waisome. Aliyekibeba hadi kwa watu wa kawaida ni Profesa Malik Badri wa Sudan, mwanasaikolojia aliyekuwa tangu mwaka 1979 akiwasumbua wenzake kwa kitabu chake juu ya mtanziko wa wanasaikolojia Waislamu. Alitafsiri sehemu ya nafsi kwa Kiingereza na ikachapishwa mwaka 2013. Alifariki mwaka 2021. Ni tafsiri yake niliyoisoma kwanza, kisha nikarudi kwenye Kiarabu kwa msaada wa ustadhi wetu.

Likizo iliyopita nilikwenda nayo nyumbani. Usiku baada ya tarawehe nilimsomea mama mlango wa huzuni, nikitafsiri polepole. Nilipofika pale pa huzuni isiyo na sababu aliniomba nirudie, kisha akarudia tena kuomba. Mdogo wangu alikuwa amekaa mlangoni anamenya chungwa. Aliuliza kama huyo sheikh alikuwa naye mgonjwa. Nikamsimulia habari ya mto. Alicheka sana, akasema na yeye asingevuka.

Mama ana daftari dogo analoliweka chini ya mto wa kulalia. Kila asubuhi huandika humo saa aliyolala mtoto na saa aliyoamka. Ukurasa wa mwisho kuna maneno 4 ambayo mdogo wangu mwenyewe aliyachagua tumwambie atakapolala tena asiweze kuamka. La kwanza ni kwamba hatutammwagia maji.